Mafua makali kwa mwenye ugonjwa wa damu: usisubiri yapite

Mwenye selimundu, saratani ya damu au aliyepandikizwa uboho asiuguze influenza kimyakimya nyumbani. Virusi huchubua njia ya hewa, bakteria hupenya hapo, na nimonia humkuta mtu ambaye kinga yake haitoshi kupambana.

Pima joto kabla ya kumeza chochote, maana parasetamoli ikitangulia huficha homa ambayo daktari alihitaji kuijua. Pima mdomoni au kwapani, ukikumbuka kuwa kwapa husoma pungufu kidogo. Usipime kamwe kwa njia ya haja kubwa: mchubuko mdogo huingiza bakteria, na chembe sahani (zinazogandisha damu) zikiwa chache damu haikatiki upesi. Kwa anayepata tibakemikali (dawa kali za saratani), 38.3°C mara moja, au 38.0°C inayodumu saa nzima, ni dharura. Kwa selimundu, 38.5°C. Anayetumia steroidi, dawa zinazotuliza uvimbe na kushusha kinga, huenda asichemke kabisa. Kwake, kikohozi na pumzi fupi vinatosha kumpeleka hospitali.

Mkifika, mgonjwa avae barakoa na mtaje ugonjwa wake wa damu papo hapo, asikae foleni na wengine. Neutrofili (seli nyeupe zinazopambana na bakteria) zikiwa chini ya 500 kwa mikrolita na homa ipo, antibiotiki ya mshipani ianze ndani ya saa moja. Kipimo cha haraka cha influenza kikisema hasi, usitulie. Hukosea mara nyingi, PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi, ndiyo ya kutegemea.

Oseltamivir, dawa ya virusi vya influenza, nayo isingoje majibu. Mtu mzima hupewa mg 75 mara mbili kwa siku, siku 5. Watoto hupimiwa kwa uzito. Hufaa zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo, lakini wagonjwa hawa hupewa hata wakichelewa. Uliza kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) kwanza: figo dhaifu, jambo la kawaida kwenye selimundu, hudai dozi ndogo.

Epuka aspirini na ibuprofeni chembe sahani zikiwa chini, na mtoto asipewe aspirini kwa mafua. Mwenye selimundu akiumwa kifua au oksijeni ikishuka, arudi hospitali usiku huohuo, kwani huenda akahitaji kuongezewa damu.

Chanjo ya influenza iwe ya sindano, kila mwaka, si ile yenye virusi hai ya kupulizwa puani. Ni vyema ichomwe angalau wiki 2 kabla ya tibakemikali. Baada ya kupandikizwa, kwa kawaida husubiriwa miezi 6. Kwa kuwa mwili wa mgonjwa huenda usiitikie chanjo vya kutosha, wote wanaoishi naye wachanjwe pia.