Kubadilisha holda za taa kwenye Willys MB
Kama una Willys MB, ile jeep ya jeshi ya vita ya pili ya dunia, kwanza chomoa betri, alafu kumbuka hii gari ni volti 6 sio 12, balbu ya wati 21 inavuta kama ampea 3.5 kwa hiyo kutu kidogo tu kwenye holda (pale balbu inapokaa), taa inafifia kama mshumaa. Toa holda taratibu, piga msasa pale inapokaa mpaka bati ling'ae, mi huwa naongeza waya wa ethi (wa kurudisha umeme) kutoka kwenye holda moja kwa moja mpaka chesisi, hapo mwanga unarudi kabisa. Ukitaka indiketa weka holda ya kontakti mbili na balbu ya nyuzi mbili, pini zake moja iko juu moja chini, isipoingia usilazimishe, igeuze. Ila nyumba ya taa ya zamani msiitoboe jamani.