SOMO: Kifaransa na Kijerumani chuoni, kuanzia matokeo ya S6

Kila UNEB, baraza la mitihani la Uganda, wakitoa matokeo ya S6 (kidato cha sita) naulizwa swali lile lile: "Dada, nataka Kifaransa na Kijerumani pamoja, nitaweza?" Utaweza. Wengi hawaangushwi na ugumu wa lugha. Wanaanguka kwa sababu wanaziingia zote mbili kwa pupa, bila kujua ipi wanaiendeleza na ipi wanaianza sifuri. Mimi ni mtoto wa Arua, nilizisoma zote mbili, na leo nafundisha na kufasiri.

Hatua ya 1: Chagua lugha ya kusimamia

Kama umefanya Kifaransa S6, hicho ndicho mguu wako. Kijerumani kitakuwa fimbo ya kutembelea kwa mwaka mzima wa kwanza. Makerere wanafundisha zote mbili, na kuna darasa la wanaoanza na la wanaoendelea. Usione aibu kuingia la wanaoanza. Na usidanganye upande wa pili pia: kuna waliopasi Kifaransa S6 wakajificha kwa wanaoanza wapate alama za bwerere, halafu wakalala usingizi mwaka mzima. Wakati wa kuamka, wenzao waliotoka sifuri walikuwa wamewapita.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya pointi kabla ya kuota

Pointi za kuingilia chuo huhesabiwa hivi: A ni 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2. Masomo mawili yenye uzito mkubwa huzidishwa mara 3, la tatu mara 2, GP (General Paper, karatasi ya maarifa ya jumla) na somo dogo mara 1. Tuseme una Kifaransa B, Historia C, Dini D, na umepasi GP na kompyuta: 15 + 12 + 6 + 1 + 1 = 35, kabla ya vipande vya pointi vinavyoongezwa kutoka matokeo ya S4 (kidato cha nne). Wasichana katika vyuo vya serikali huongezewa 1.5. Kisha linganisha na pointi za mwaka uliopita za kozi unayoitaka. Pointi hupanda na kushuka, kwa hiyo usijaze chaguo moja tu ukakaa kusubiri muujiza.

Hatua ya 3: Tumia miezi ya kukaa nyumbani

Kati ya mtihani wa S6 na kufungua chuo kuna miezi mingi, na hapa ndipo wengi wanapoipoteza bahati. Kampala kuna Alliance Française wanaofundisha Kifaransa na Goethe-Zentrum wanaofundisha Kijerumani. Viwango ni A1, A2, B1, B2, C1, C2, kutoka anayeanza kabisa hadi mjuzi. Ukiingia chuoni na A1 ya Kijerumani mkononi, muhula wa kwanza hautakutoa jasho.

Huna ada? Redio. RFI (redio ya Ufaransa) na DW (ya Ujerumani) zote zina idhaa ya Kiswahili. Sikiliza habari kwa Kiswahili kwanza, ujue kimetokea nini na wapi, halafu tafuta habari hiyo hiyo kwa Kifaransa au Kijerumani. DW wana habari za Kijerumani zinazosomwa polepole kwa ajili ya wanafunzi. Mimi nilikuwa na daftari la mistari miwili: juu naandika nilichosikia, chini nilichodhani nimesikia. Mstari wa chini ulikuwa kichekesho cha nyumba nzima.

Hatua ya 4: Jinsia za maneno

Usiogope. Wewe umezaliwa na ngeli. Hujawahi kusema "kiti yangu" mbele ya bibi yako ukasalimika. Kifaransa kina jinsia mbili, Kijerumani tatu: *der, die, das*. Tatizo ni kwamba hazikubaliani. Jua kwa Mfaransa ni la kiume, *le soleil*. Kwa Mjerumani ni la kike, *die Sonne*. Mwezi kinyume chake: *la lune*, *der Mond*. Dawa ni moja: usiandike jina la kitu kwenye daftari bila kiambata chake (*le*, *la*, *der*, *die*, *das*), na tumia wino wa rangi tofauti kwa kila jinsia.

Hatua ya 5: Namba

Hapa nina kidonda. Nilikulia karibu na mpaka, na wafanyabiashara wa Aru, upande wa Congo, husema *septante* kwa 70 na *nonante* kwa 90. Siku ya kwanza ya imla mwalimu akasoma *quatre-vingt-dix-sept*. Mimi nikaandika 4, nikaandika 20, nikaandika 17. Alikuwa amesema 97, yaani ishirini mara nne, na kumi na saba! Kwa Kijerumani nako, *siebenunddreißig* ni "saba na thelathini"; nikaandika 73 badala ya 37. Jifunze kwa kusomewa namba za simu, si kwa kuhesabu moja hadi mia kama wimbo.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Jinja: Sina Kifaransa hata cha S4. Nianze zote mbili sifuri?

*Jibu:* Hapana, mdogo wangu. Anza moja, ifikishe A2, ndipo uongeze ya pili. Ukizianza siku moja, utamsalimu Mjerumani *bonjour*.

Mama Salha, Bombo: Binti yangu akimaliza atakula nini?

*Jibu:* Shikamoo mama. Rwanda, Burundi na Congo zote zimo ndani ya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, Congo iliingia 2022. Kifaransa kina kazi hapa hapa: mashirika, ufasiri, ualimu. Kijerumani kinalipa kwenye utalii. Anayeongoza Wajerumani wanaokuja kuona gorila Bwindi kwa lugha yao hakosi simu. Ila asome na kitu cha pili, kama ualimu au utalii. Lugha peke yake ni ufunguo usio na mlango.

Nubi_Boy: Nasikia DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wanalipia kila kitu. Niombe sasa nikiwa S6?

*Jibu:* Ufadhili wao mwingi ni wa shahada ya uzamili na uzamivu. Maliza digrii kwanza.

Aisha K.: Dada, neno gani la Kijerumani nilijue leo?

*Jibu:* Unalo tayari. *Schule*. Wajerumani walipotawala Tanganyika walituachia "shule". Ukiliandika tu, kumbuka herufi kubwa mwanzoni, na *die* mbele yake.