Stuli ya paina kwenye karakana ya shule: kutoka mchoro hadi vanishi

Kwenye karakana za shule za Nyanda za Juu Kusini, iwe sekondari ya ufundi kama Ifunda au Iyunga, iwe shule ya kata yenye benchi mbili na patasi chache, stuli ni kazi nzuri ya kwanza kwa mwanafunzi wa useremala. Ni ndogo, lakini ina kila kitu: kubuni, kuchora, kuchonga viungo, kuunga na kumalizia. Stuli nyingi zinazolegea mapema zina kasoro mbili: mbao ilikuwa mbichi, au mabega ya ndimi hayakukaa sawasawa kwenye miguu. Ulimi ni ncha ya reli, yaani mbao ya mlalo inayounga mguu na mguu, iliyopunguzwa ili iingie kwenye tundu la mguu; bega ni ngazi inayobaki pale ulimi unapoanzia. Gundi na misumari haviponyi kasoro hizo, kwa hiyo hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Kuchora

Anza na mkaaji. Pima wenzako kadhaa, wakiwa na viatu, kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni. Kwa kukaa kawaida, urefu wa milimita 450 unawafaa wengi.

Chora mtazamo wa mbele, wa ubavuni na wa juu kwa skeli 1:5, vipimo vyote kwa milimita. Kisha chora kona moja ya juu kwa ukubwa wake halisi, 1:1. Usiuruke mchoro huo: ndani ya mguu, ndimi za reli mbili zinakutana, na ni bora uone zinavyogongana ukiwa na penseli kuliko ukiwa umeshapaka gundi.

Vipimo vinavyofanya kazi ni hivi: miguu minne ya 40 × 40, urefu 430; reli nne za juu za 60 × 20; reli nne za chini za 40 × 20; kikalio cha 320 × 320, unene 20. Upana wa fremu, nje kwa nje, ni 280, hivyo kati ya mguu na mguu inabaki 200. Ulimi una urefu wa 22 kila upande, kwa hiyo kila reli ni 244.

Mbao

Paina ndiyo mbao ya huku. Mufindi kuna shamba la miti la Sao Hill, Rungwe kuna Kiwira, na mbao za inchi mbili kwa mbili na moja kwa nane hazikosekani. Mbili kwa mbili ya futi 12 inatoa miguu saba kwa uhakika, na wa nane ikiwa ncha hazijapasuka. Reli na kikalio vinatoka kwenye futi tano za moja kwa nane.

Shida ni kwamba mbao nyingi zinauzwa zikiwa bado na maji. Mbao inapokauka husinyaa kwa upana na unene, huku urefu wake ukibaki karibu vilevile. Ulimi uliochongwa kwenye mbao mbichi ukabana vizuri leo, utacheza ndani ya tundu baada ya kiangazi. Zipange mbao chini ya paa, juu ya magogo, ukiweka vijiti vya unene wa milimita 20 kati ya tabaka na tabaka, kimoja kila nusu mita, vikipangana wima juu ya vingine. Vijiti vikipishana, mbao hupinda. Acha pande wazi upepo upite. Pima uzito wa kipande kimoja kwenye mizani ya dukani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao imefikia ukavu wa hewa ya hapo. Kwa mbao ya inchi moja tegemea miezi kadhaa, na zaidi wakati wa mvua. Mwalimu anayetaka stuli mwezi wa Agosti anunue mbao mvua zinapoisha, si wiki ya kazi.

Kataa kipande chenye kiini cha mti katikati, kwa kuwa kitapasuka, na chenye kifundo mahali pa kiungo. Madoa ya bluu hayapunguzi nguvu kwa kiasi cha kutia hofu. Ni sura tu. Lakini mbao ya kijani iliyotiwa dawa ya nguzo isiingie karakana. Dawa hiyo inaweza kuwa na aseniki, na vumbi lake utalivuta unapopiga msasa.

Kunyoosha na kuchora alama

Noa kwanza. Patasi na chuma cha randa (kifaa cha kunyooshea mbao) vichongwe kwa nyuzi 25, kisha ncha imalizwe kwenye kinoo kwa nyuzi 30. Paina ni laini, na patasi butu huiponda badala ya kuikata.

Piga randa uso mmoja hadi unyooke, uwekee alama, kisha ubavu mmoja uwe na pembe mraba na uso huo. Vipimo vyote vianzie pande hizo mbili. Miguu ikate kwa urefu wa 450: milimita 20 za ziada ziachwe upande wa juu zisaidie mguu usipasuke unapochimba tundu karibu na ncha. Zitakatwa mwishoni.

Sasa kipimo muhimu kuliko vyote: umbali wa bega hadi bega, 200. Usipime reli moja moja. Banisha reli nne za juu pamoja kwenye jiriwa (kibanio cha benchi), chora mistari ya mabega juu ya zote kwa skwea (kipimo cha pembe mraba) na kisu, kisha uizungushe kwenye kila reli. Fanya hivyo kwa za chini pia. Reli zote zikizidi kwa milimita moja, stuli bado itakaa mraba. Ikizidi moja peke yake, fremu itapinda. Mstari ukizunguka na usikutane pale ulipoanzia, mbao haina pembe mraba. Rudi kwenye randa.

Unene wa ulimi ni takriban theluthi moja ya reli, na unafuata patasi uliyonayo: milimita 8, au 6. Weka geji (kifaa cha kuchora mistari inayofuata ukingo wa mbao) kwa upana wa patasi hiyo hiyo. Kwenye reli za juu, kata milimita 15 kutoka juu na 5 kutoka chini, ulimi ubaki na upana wa 40. Kwenye reli za chini kata 5 kila upande, zibaki 30. Reli za chini zikae mbili kwa 100 kutoka sakafuni na mbili kwa 150, ili ndimi zake zisikutane kabisa.

Matundu na ndimi

Chimba matundu kwanza. Ni rahisi kupunguza ulimi kuliko kujaza tundu. Kaza mguu kwenye jiriwa, mikono yote miwili iwe nyuma ya ncha ya patasi. Anzia katikati, songa kwa hatua za milimita 3, na uache milimita 2 kila mwisho hadi mwishoni kabisa, kwa sababu kung'oa vipande kwa kuegemeza patasi huponda kingo. Kina ni 24. Bandika kipande cha tepu kwenye patasi kikuonyeshe umefika.

Kwa ulimi, kata mashavu (pande zake pana) kwanza, msumeno ukipita upande wa taka, yaani sehemu itakayotupwa, mstari ubaki. Kisha kata mabega. Msumeno ukinatanata kwa utomvu, ufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Ncha za ndimi za reli za juu zikate kwa nyuzi 45 ili zipishane ndani ya mguu.

Ulimi mzuri unaingia kwa kusukuma na kugonga kidogo. Ukihitaji nyundo, utapasua mguu. Ukianguka wenyewe, gundisha kipande chembamba kwenye shavu, kikauke, uchonge upya. Bega likibaki na uwazi, angalia kwanza kama kuna vumbi au kina kisichotosha ndani ya tundu, kabla ya kugusa bega lenyewe.

Kuunga

Unga yote bila gundi. Kisha gundisha pande mbili, kila moja miguu miwili na reli mbili, ziache zikauke, ndipo uziunganishe kwa reli nne zilizobaki. Pima kona kwa kona, mishazari yote miwili. Tofauti ikizidi milimita 2, sogeza klempu (vibanio) kwa mshazari. Pasipo klempu, kamba iliyozungushwa na kukazwa kwa kijiti inatosha, ukiweka vipande vya mbao kulinda kingo.

Baridi ya huku ina neno lake. Gundi nyeupe ya mbao hushindwa kushika vizuri joto likiwa chini ya nyuzi 10 hivi, na ikikauka kwenye baridi hiyo huwa kama chaki. Makete, Njombe au Mafinga mwezi Juni, usigundishe asubuhi wala jioni. Fanya saa sita mchana, mbao na gundi vikiwa vimekaa juani kwanza.

Kikalio ni mbao mbili zilizogundishwa ubavu kwa ubavu. Usikigundishe wala kukipigilia kwenye fremu: kitatanuka wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, na kikizuiwa kitapasuka katikati. Kaza vipande vya 20 × 20 ndani ya reli za juu, toboa ndani yake matundu marefu kidogo kwa kufuata upana wa kikalio, kisha funga kwa skrubu za inchi moja na robo kutokea chini.

Stuli ikiyumba, iweke juu ya meza iliyonyooka, ingiza kabari chini ya miguu hadi itulie, zungushia miguu yote mstari mmoja kwa penseli iliyolazwa juu ya kipande cha mbao, kisha kata hapo.

Msasa namba 80, 120, halafu 180, kwa kufuata nyuzi za mbao. Koti la kwanza la vanishi ya mafuta lichanganywe na tapentaini kidogo lipenye. Baada ya kukauka piga msasa 180 kwa wepesi, kisha paka mara mbili bila kuchanganya. Subiri ukungu wa asubuhi uishe, na umalize mapema alasiri, kabla unyevu haujarudi.