Namna ya Kukagua Gita au Besi la Zamani la Fender Kabla ya Kulinunua

Mwongozo huu unahusu magita ya umeme na magita ya besi ya Fender yaliyotengenezwa Fullerton, California, kati ya 1950 na katikati ya miaka ya 1970, kwa sababu ndiyo yanayopita mikononi mwangu kwa wingi na ndiyo yanayoghushiwa kwa urahisi zaidi. Urahisi huo unatokana na ubunifu wenyewe wa Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni hiyo: shingo hufungwa kwenye mwili kwa skrubu, saketi hukaa kwenye bamba linalotoka kwa bisibisi, na karibu kila kipande kinaweza kuondolewa na kingine kikachukua nafasi yake bila kukata wala kugundisha chochote. Sifa hiyo iliwarahisishia kazi mafundi na wanamuziki wa wakati ule, lakini kwa mnunuzi wa leo maana yake ni kwamba gita linalotangazwa kuwa la 1963 linaweza kuwa na shingo ya 1963, mwili wa 1971 na pikapu (vinasa sauti vya sumaku na waya vilivyo chini ya nyuzi) za juzi. Hivyo kazi ya mkaguzi ni kutafuta umri wa kila sehemu peke yake, kisha kulinganisha.

Hatua ya 1: Amua unanunua kwa ajili ya nini

Mkusanyaji hulipia uhalisi, na mpigaji hulipia mlio na wepesi wa kupiga. Chukua mfano wa besi ya Precision ya 1966 ambayo mwili wake umepakwa rangi upya na freti zake (vipande vya chuma vinavyokata shingo kwa upana) zimebadilishwa na fundi mzuri. Kwa mkusanyaji, rangi mpya peke yake huishusha bei ya gita hadi karibu nusu, na hiyo ndiyo kanuni ambayo wauzaji wengi huifuata. Kwa mpigaji, besi hiyo hiyo ni bahati, kwa sababu anapata mbao, pikapu na shingo za wakati ule kwa bei ya chini, tena freti zikiwa tayari kwa kazi. Uamuzi huu ufanyike kabla ya kushika bisibisi, kwa kuwa utaamua ni kasoro ipi ikufanye uondoke na ipi itumike tu kupunguza bei.

Hatua ya 2: Soma namba, lakini usiitegemee peke yake

Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi 1976, namba ya gita ilichapwa kwenye bamba la chuma linaloshikilia skrubu za shingo, nyuma ya mwili. Zile zinazoanza na herufi L ni za mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi 1965, na bamba lenye herufi F kubwa ni la baada ya hapo. Mwaka 1976 namba ilihamia kwenye kichwa cha gita. Mabamba hayakutumika kwa kufuata mfululizo, kwa hiyo namba hutoa makisio ya miaka miwili au mitatu tu, na zaidi ya hayo bamba lote hutoka kwa skrubu nne. Nimekwisha kuona bamba halisi la herufi L likiwa limefungwa kwenye mwili uliotengenezwa miaka mingi baadaye.

Utasikia sana wauzaji wakisema gita ni la "kabla ya CBS". Wanamaanisha Januari 1965, kampuni ya utangazaji ya Marekani, CBS, ilipoinunua Fender kwa dola milioni 13. Tarehe hiyo ina uzito mkubwa kwenye bei, ingawa kwa maoni yangu ina uzito mdogo kwenye mlio, maana wafanyakazi, mashine na akiba ya mbao havikubadilika kwa usiku mmoja. Mpigaji anayetafuta thamani ya fedha zake aangalie kwa makini magita ya 1965 na 1966.

Hatua ya 3: Vua shingo

Muuzaji anayekataa shingo ivuliwe, ilhali anadai bei ya gita halisi, hajakupa sababu ya kumlipa bei hiyo. Omba ruhusa kwa heshima, na ikiwa hataki wewe uivue, mwombe aivue yeye mbele yako.

Legeza nyuzi taratibu kwa zamu, usilegeze upande mmoja wote kwa mkupuo, kisha bana nyuzi kwenye freti ya kwanza kwa kapo (kibanio cha shingo) ili zisifumuke kwenye vikazio vyake. Lilaze gita kifudifudi juu ya taulo, chagua bisibisi inayojaa sawasawa kwenye kichwa cha skrubu, na uisukume chini kwa nguvu wakati wa kufungua, kwa sababu kichwa cha skrubu kilichochubuka leo kitaonekana na kila mkaguzi atakayekuja baadaye. Wakati wa kurudisha, zungusha kwanza kila skrubu kinyumenyume polepole, mpaka uhisi inadondokea kidogo ndani ya hesi yake ya zamani, ndipo uikaze. Ukikaza bila kufanya hivyo, skrubu hukata hesi mpya ndani ya mbao, na baada ya kufunguliwa mara kadhaa kwa namna hiyo shingo haishiki tena.

Sasa tazama kitako cha shingo, yaani mwisho wake unaoingia kwenye mwili. Kwa magita mengi ya miaka ya 1950 tarehe iliandikwa kwa penseli, na tangu mapema 1962 iligongwa muhuri wa wino. Muhuri huo ndio unaowapotosha watu wengi. Ukisoma "2 OCT 62 B", ile 2 haimaanishi tarehe 2 Oktoba. Ni alama ya aina ya shingo, yaani ya gita la umeme la Stratocaster, na herufi B ni upana wa shingo kwenye kizingiti cha nyuzi karibu na kichwa. Shingo ya Precision huanza na 5 na ya Jazz Bass huanza na 7. Basi ukikuta shingo yenye 2 kwenye gita la besi, au herufi za muhuri zilizo safi na nyeusi mno juu ya mbao iliyozeeka, simama hapo uulize maswali. Pia tarehe hiyo ni ya shingo tu, na gita lenyewe linaweza kuwa limeunganishwa miezi kadhaa baadaye.

Mbao zenyewe zina ushahidi usiofutika kwa urahisi. Mpaka 1959 shingo za karibu magita yote ya Fender zilikuwa za kipande kimoja cha mepo (maple). Mwaka huo kiwanda kilianza kubandika kwa wingi juu yake ubao wa freti wenye rangi ya kahawia iliyokolea, na hadi katikati ya 1962 ubao huo ulikuwa mnene na ulikaa bapa juu ya mepo. Baada ya hapo ukawa mwembamba, wenye tumbo linalofuata mviringo wa shingo. Tofauti hiyo unaiona waziwazi kwenye kitako, shingo ikiwa mkononi, na ni vigumu sana kuighushi.

Hatua ya 4: Chunguza rangi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo usifanye haraka. Ukiwa umeshavua shingo, fungua na lile bamba la plastiki la mbele. Sehemu iliyokuwa imefunikwa haikupigwa na jua wala jasho, hivyo rangi yake inapaswa kuwa changa kuliko ya nje. Gita jeupe la Fender ambalo nje limegeuka rangi ya siagi, kwa sababu vanishi iliyo juu yake imezeeka, chini ya bamba huwa bado ni jeupe, na mpaka kati ya weupe huo na umanjano hufuata umbo la bamba lenyewe. Ukikuta umanjano umesambaa sawasawa hadi chini ya bamba, kuna mtu aliyeutia kwa makusudi.

Kisha tafuta matundu ya misumari. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, miili iliegeshwa juu ya misumari midogo wakati wa kupuliziwa rangi, na misumari hiyo ilichomolewa rangi ilipokauka. Tundu halisi, kwa hiyo, huonyesha mbao tupu ndani yake. Tundu lililojaa rangi, au kukosekana kabisa kwa matundu kwenye mwili wa kipindi hicho, huashiria kwamba mwili ulisuguliwa na kupakwa upya.

Hadi karibu 1968 Fender walitumia vanishi za aina ya nitroselulosi na akriliki, ambazo ni nyembamba na hupasuka nyufa ndogondogo mbao inapotanuka na kusinyaa. Kuanzia mwaka huo walihamia kwenye poliesta, ambayo ni nene na hubanduka kwa vipande. Chukua taa ya urujuanimno (UV), zima taa nyingine za chumba, na umulike mwili wote polepole. Nitroselulosi ya zamani hung'aa kwa rangi ya kijani-manjano hafifu, wakati mahali palipoguswa baadaye huonekana kama doa jeusi au la zambarau. Mulika zaidi ukingoni mwa tundu la shingo, kwenye kingo ambako mkono wa mpigaji hupumzika, na kuzunguka nembo ya kichwani.

Uangalifu uongezeke maradufu kwa rangi za oda maalumu, kama Fiesta Red na Lake Placid Blue. Zamani ziliongeza asilimia 5 tu kwenye bei ya dukani, lakini leo tofauti ni kubwa mno, na magita mengi ya kawaida ya rangi ya sanbasti (inayokolea kutoka katikati kuelekea kingoni) yamegeuzwa kuwa mekundu na ya bluu kwa ajili hiyo.

Hatua ya 5: Soma potensiometa na lehemu

Chini ya vitufe vya sauti na toni kuna potensiometa, yaani vidhibiti vya umeme ambavyo vitufe hivyo huvizungusha, na kwenye kila moja kuna namba iliyogongwa. Tarakimu tatu za mwanzo ni za kiwanda: 304 ni Stackpole, 137 ni CTS. Zinazofuata ni mwaka, kisha wiki. Hivyo 3046320 ni Stackpole, wiki ya 20 ya 1963. Namba hii inakuhakikishia jambo moja tu, kwamba saketi haikuunganishwa kabla ya wiki hiyo. Haisemi iliunganishwa lini hasa, kwa sababu Fender walinunua shehena kubwa ya potensiometa za CTS mwaka 1966 na wakaendelea kuzitumia hadi mwishoni mwa muongo ule.

Tazama na lehemu yenyewe. Ya zamani imefifia na ina mabaki ya gundi ya kulehemia yaliyogeuka kahawia. Iliyoyeyushwa karibuni hung'aa. Potensiometa iliyobadilishwa si kosa kubwa, ila ipunguzwe kwenye bei.

Hatua ya 6: Pima pikapu

Chomeka waya kwenye gita, fungua sauti mpaka mwisho, weka maltimita (kipima umeme) kwenye kipimo cha kiloomu 20 na ushike ncha na shina la plagi ya upande wa pili. Pikapu ya Stratocaster husoma takriban kiloomu 5.5 hadi 6.5, ya Jazz Bass karibu 7 hadi 8 ikipimwa peke yake, na ya Precision iliyogawanyika vipande viwili, iliyoanza 1957, karibu 10 hadi 11. Kwa kuwa unapima kupitia potensiometa, tarajia upungufu mdogo. Ukipima Jazz Bass pikapu zote mbili zikiwa wazi utapata karibu 4, na hilo si tatizo, kwani zimeunganishwa sambamba.

Kipimo kikiruka na kwenda mbali kabisa ya hapo, huenda waya umekatika ndani ya pikapu. Waya huo wa shaba una unene wa takriban milimita 0.063, na kutu kidogo inatosha kuumaliza, hasa gita likiwa limeishi pwani. Fundi anaweza kuusuka upya na mlio ukarudi vizuri, lakini machoni pa mkusanyaji pikapu hiyo si halisi tena.

Hatua ya 7: Lipige

Rudisha kila kitu, liweke sawa na upige kila freti ya kila uzi. Tazama shingo ukiwa umeielekeza jicho toka kwenye daraja, kile kipande cha chuma mwilini kinachobeba nyuzi: kupinda kidogo kunarekebishika kwa fito ya chuma iliyo ndani, ila kwa magita ya miaka ya 1950 na 1960 nati yake iko kwenye kitako, na kuigusa ni lazima uvue shingo tena. Shingo iliyojisokota, upande wa uzi mnene ukielekea huku na wa uzi mwembamba kule, ni sababu ya kuondoka, na kwa besi hata zaidi, kwa sababu nyuzi zake huvuta kwa nguvu kubwa.

Hatua ya 8: Dai vipande vidogo na maandishi

Besi za Precision na Jazz zilitoka kiwandani zikiwa na vifuniko vya chuma juu ya pikapu na daraja, na kile cha daraja cha Precision kilikuwa na kipande cha sponji ndani kwa ajili ya kufifisha mlio. Wapigaji wengi waliving'oa. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, aliiacha sponji ya Precision yake ya 1962 mahali pake, na sehemu ya mlio wake mzito na mfupi ilitoka hapo. Besi hiyo iliibwa 1983, muda mfupi kabla ya kifo chake. Vifuniko, sanduku la awali na freti au potensiometa za zamani zilizohifadhiwa kwenye mfuko, vyote vidai na uvijumuishe kwenye bei. Kisha mtake muuzaji aandike kwenye risiti namba ya gita, mwaka anaoudai, na kila sehemu iliyobadilishwa, kisha atie sahihi.

Hatua ya 9: Panga safari yake

Kama gita linavuka mpaka, chunguza kwanza ubao wa freti. Hadi katikati ya miaka ya 1960 Fender walitumia Dalbergia nigra ya Brazili, ambayo ni jamii moja na mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon. Mti huo wa Brazili uko kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1992, na gita lenye mbao hiyo huhitaji kibali kabla ya kusafirishwa kibiashara kati ya nchi na nchi, hata kama lilitengenezwa zamani. Jamii nyingine nyingi za Dalbergia ziliwekwa chini ya udhibiti Januari 2017, kisha tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zikasamehewa vibali. Msamaha huo haukuigusa nigra. Kibali kiombwe na muuzaji, katika nchi lilipo gita, kabla hujalipa fedha zote.

Mwambie alegeze nyuzi kidogo, ajaze nafasi chini ya kichwa na kuzunguka mwili ndani ya sanduku, na asiruhusu mpira au plastiki laini kugusa vanishi, kwa sababu nitroselulosi huyeyuka ikikaa nayo. Likifika Dar es Salaam au Mombasa likitoka kwenye baridi ya ndege, liache ndani ya boksi bila kulifungua mpaka siku ya pili, likiwa kwenye kivuli, ili vanishi isipasuke kwa joto la ghafla.