Somo: Kupima kiwango cha brusela kwa ng'ombe wanaochinjwa

Wenzangu wa mifugo, hasa mlioko Dodoma mjini, Bahi, Kongwa na Chamwino, somo la leo ni la anayetaka kujua ng'ombe wangapi wanaoingia machinjioni wamekwisha kukutana na brusela, ule ugonjwa wafugaji wanaouita wa kutupa mimba. Niseme mapema ninachokiamini: kazi hii hufa au hupona kabla kisu hakijagusa shingo, pale unapouliza ng'ombe katoka wapi. Maabara inafuata baadaye.

Hatua ya 1: Idadi
Ukikadiria kuwa maambukizi ni asilimia 10, na unakubali kukosea kwa asilimia 5 juu au chini, fomula ya kawaida inakupa ng'ombe 139. Kama huna makadirio yoyote, tumia asilimia 50. Hapo utahitaji 385. Usiwamalize siku moja. Shehena ya lori moja inaweza kuwa ya boma moja, na waliolala zizi moja huambukizana. Tena kwetu mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Malisho yakikauka watu huuza mifugo kwa wingi, hivyo ng'ombe wa Septemba si wale wa Februari.

Hatua ya 2: Maswali kabla ya kisu
Hapa tukae kidogo. Ng'ombe akishachunwa, ngozi inakwenda huku, kichwa kule, na alikotoka hakuna anayekumbuka tena. Fika alfajiri kwenye zizi la kusubiria ukiwa na daftari. Andika jinsia, umri kwa meno, kama ana mimba, na asili yake. Kibali cha kusafirishia kinaweza kuishia kutaja mnada, tuseme Msalato, bila kutaja boma. Kwa hiyo mwendee mchuuzi kwa heshima: "Shikamoo mzee, huyu jike umempata upande gani? Mwenyewe kamuuzia nini?"

Swali hilo la pili ndilo wengi wanaliruka. Jike akitupa mimba mara mbili, mfugaji humpeleka mnadani, na safari yake huishia machinjioni. Ndiyo maana asilimia utakayoipata ni ya wanaochinjwa. Usiibandike kwa mifugo yote ya mkoa. Tazama pia magoti yenye uvimbe wa majimaji, na mapumbu yaliyovimba kwa madume.

Hatua ya 3: Damu
Vaa glovu, buti, aproni na miwani. Kinga mililita 5 hadi 10 shingoni, kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Namba ya chupa na ya daftari iwe moja. Iweke kivulini, imeinama, igande yenyewe. Usiitikise, wala usiitie kwenye friza kabla ya kutenga seramu, yale maji ya manjano yanayojitenga damu ikiganda. Chembe zitapasuka na utabaki na maji mekundu yasiyosomeka. Seramu ya manjano ikijitenga, ihamishie kwenye kichupa safi.

Hatua ya 4: Kipimo cha Rose Bengal
Antijeni, kimiminika cha waridi chenye vijidudu vya brusela vilivyouawa, ikitoka kwenye friji iache ipate joto la chumba. Weka maikrolita 30 za seramu na 30 za antijeni kwenye kigae cheupe, changanya, tikisa taratibu kwa dakika 4, usome papo hapo. Waridi ikikatika chembechembe ni chanya. Ikibaki laini ni hasi. Pima pembeni seramu ambazo majibu yake yanajulikana, moja chanya na moja hasi. Zilizo chanya zithibitishwe kwa ELISA ya ushindani (c-ELISA), kipimo kingine cha maabara, maana hata ng'ombe aliyechanjwa S19, chanjo ya brusela, anaweza kuonekana chanya.

Hatua ya 5: Hesabu
Tuseme umepata 12 kati ya 139. Hiyo ni asilimia 8.6, lakini ukweli unaweza kuwa popote kati ya takriban 4 na 13. Andika yote mawili, na utenge majike na madume.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi, Dodoma: Mwalimu, majibu yakiwa chanya nyama inazuiwa?
Jibu: Mara nyingi majibu yanatoka nyama imeshafika buchani, mwanangu. Uamuzi wa nyama ni wa mkaguzi. Kiwele, mji wa mimba na tezi zake havifai kuliwa. Nyama iliyoiva vizuri haina shida. Hatari kubwa iko kwa anayepasua tumbo la jike mwenye mimba kwa mikono mitupu.

Mchunaji, Kongwa: Dokta, homa inanijia jioni, jasho usiku, mgongo na viungo vinauma. Nimemeza dawa za malaria, inarudi tu.
Jibu: Pole sana kaka. Nenda hospitali, na sentensi ya kwanza iwe "nafanya kazi machinjioni". Watakupima brusela. Ikiwa ndiyo, dawa huwa zaidi ya moja na huchukua takriban wiki 6. Ukipata nafuu wiki ya pili usiache. Ugonjwa huu hurudi.

Mfugaji, Bahi: Kuna sindano ya kumponya ng'ombe?
Jibu: Hakuna ya kutegemewa, mzee wangu. Mitamba huchanjwa S19 wakiwa na miezi 3 hadi 8. Aliyetupa mimba mtenge, kile kitoto na kondo vizikwe kwa kina mbwa wasifukue, na usivishike bila glovu. Maziwa ya zizi hilo yachemshwe hadi yafure, hata yale ya kugandisha.