Swapu ya zram inapoilemea kompyuta badala ya kuipunguzia mzigo

Kompyuta nyingi za mezani ninazoletewa hapa Arua, Uganda, zina ramu ya gigabaiti 2, na baadhi yake ni za zamani kiasi kwamba vipande vya kuziongezea ramu havipatikani madukani kwa urahisi. Kwa hiyo mafundi tulio wengi tunaziwekea Linux na kuwasha zram, yaani sehemu ya ramu inayotumika kama swapu (akiba ya kuwekea data ramu inapojaa), ambamo kurasa (vipande vidogo vya data ya ramu) zisizohitajika kwa sasa hubanwa zichukue nafasi ndogo. Mwongozo huu unamhusu mtu aliyekwisha kuiwasha, kisha akaona kompyuta bado inaganda. Mifano yangu ni ya Debian 13 na kifurushi cha zram-tools.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba zram ndiyo inayotumika

Fungua teminali uandike:

`swapon --show`

Unapaswa kuona mstari wa `/dev/zram0`. Kama ipo pia swapu ya diskini, linganisha namba zilizo chini ya PRIO (kipaumbele), kwa kuwa kerneli, yaani kiini cha Linux, hujaza kwanza ile yenye namba kubwa. Zram ikiwa na 100 na diski ikiwa na namba hasi, mpangilio ni sahihi. Ukikuta kinyume chake, rekebisha PRIORITY katika faili la `/etc/default/zramswap`.

Kisha angalia kama zswap nayo imewashwa:

`cat /sys/module/zswap/parameters/enabled`

Zswap ni kitu kingine kabisa ijapokuwa majina yanafanana: hukaa mbele ya swapu yoyote iliyopo na kuzibana kurasa kabla hazijaifikia. Jibu likiwa Y ilhali zram inafanya kazi, zswap inazinasa kurasa kabla hazijaifikia zram, na vipimo vyote vitakavyofuata vitakudanganya. Chagua moja. Kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka mimi huiacha zram na kuizima zswap.

Hatua ya 2: Tambua kinachosubiriwa

Andika `vmstat 1`, kisha tumia kompyuta kama kawaida hadi ianze kuwa nzito. Safu za si na so (data inayotoka na kuingia kwenye swapu) zitapanda hata zram inapofanya kazi vizuri, kwa hiyo zisikutishe. Safu ya kuangalia ni wa, inayoonyesha muda ambao prosesa inasubiri diski. Ikiwa wa iko juu mfululizo na taa ya diski haizimiki, kurasa zinakwenda au kusomwa diskini. Ikiwa wa iko chini lakini sy (muda ambao prosesa inaifanyia kazi kerneli) iko juu, prosesa inachoka kwa kubana na kubanua, na hapo kwenye prosesa za zamani ALGO=lz4 (njia ya kubana, inayowekwa katika `/etc/default/zramswap`) huwa nyepesi kuliko zstd, ingawa zstd hubana zaidi.

Hatua ya 3: Soma zramctl kabla ya kubadilisha ukubwa

Hapa ndipo mimi mwenyewe niliteleza. Mama mmoja mwenye duka la fotokopi karibu na paki ya teksi aliniletea kompyuta yake ikiwa inaganda kila alasiri, nami, bila kupima chochote, nikapandisha PERCENT katika `/etc/default/zramswap` kutoka 50 hadi 150 na kumrudishia. Baada ya siku mbili alirudi. "Fundi, tangu uiguse imezidi kuwa nzito." Nikamwomba aniachie hadi jioni, nikaandika `zramctl`, na mashine ikanijibu kwamba DATA ni 1.3G na TOTAL ni 1.1G.

DATA ni ukubwa wa kurasa kabla ya kubanwa, na TOTAL ni ramu halisi ambayo zram imeimeza ili kuzihifadhi. Kwa kazi za kawaida za ofisini, DATA huwa mara mbili hadi tatu ya TOTAL. Kwa yule mama, zaidi ya nusu ya ramu yote ilikuwa imeliwa ili kuokoa megabaiti 200 tu, na mimi, kwa kuongeza asilimia, nilikuwa nimeipa zram ruhusa ya kula zaidi. Wengi hudhani kwamba PERCENT ni kiasi cha ramu kinachotengwa. Sivyo: ni kikomo cha data inayoweza kuingia, na gharama yake hutegemea jinsi data hiyo inavyobanika.

Hatua ya 4: Tafuta data isiyobanika

`cat /sys/block/zram0/mm_stat`

Namba ya nane ni idadi ya kurasa zilizokataa kubanwa, na kila moja ni baiti 4096. Kwenye mashine ile zilikuwa kama 225,000, yaani takriban megabaiti 900. Zilitoka wapi? Niliandika `du -sh /tmp` nikapata karibu kiasi hicho hicho. Programu ya skana ilikuwa ikiacha kila cheti na kila kitambulisho ndani ya `/tmp`, na katika Debian 13 folda hiyo hukaa kwenye ramu, ikiruhusiwa kufika nusu yake. Picha za skana zimekwisha kubanwa tangu zilipoundwa, na gunia lililokwisha kushindiliwa halishindiliki tena.

Tiba yake ni kuirudisha `/tmp` diskini:

`sudo systemctl mask tmp.mount`

Kabla ya kuwasha upya, nakili faili ambazo mwenye kompyuta bado anazihitaji, maana zitapotea. Baada ya siku nzima ya kazi, DATA ilikuwa 640M na TOTAL 210M, na PERCENT nilikuwa nimeirudisha 50.

Hatua ya 5: Marekebisho madogo

Katika `/etc/sysctl.d/99-zram.conf` andika:

`vm.swappiness=150`
`vm.page-cluster=0`

Tangu kerneli 5.8 ya mwaka 2020, swappiness (wepesi wa kerneli kupeleka kurasa kwenye swapu) inaweza kufika 200, na thamani inayozidi 100 inafaa swapu iliyo na kasi kuliko diski. Page-cluster ya kawaida ni 3, inayosoma kurasa 8 kwa mkupuo. Hilo husaidia diski ya kuzunguka, lakini kwa zram ni kubanua kurasa ambazo hazijaombwa. Tekeleza kwa `sudo sysctl --system`.

Ukibadilisha `/etc/default/zramswap`, funga kivinjari na programu nyingine kubwa kabla ya `sudo systemctl restart zramswap`, kwa sababu kuzima zram kunarudisha kurasa zote kwenye ramu zikiwa zimebanuliwa, na zisipoenea kerneli inaweza kuua programu yenye kazi ambayo mteja hajaihifadhi.

Kwa wanaotegemea kulaza kompyuta hadi diskini umeme unapoyumba: zram hupotea pamoja na ramu, hivyo usiifute swapu ya diskini. Iache na namba yake ya chini ya PRIO, ikiwa na ukubwa usiopungua ramu ya mashine.