Mlipuko wa kuhara kijijini: anza na orodha, si na kisima

Habari za kuhara zikifika, wengi hukimbilia kisimani na chupa ya sampuli. Usianzie huko. Fungua daftari la zahanati ulinganishe wiki hii na majira kama haya mwaka jana; huenda watoto huhara hivyo kila mvua zinapoanza. Hakikisha pia ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) na zinki zipo, maana mgonjwa hasubiri uchunguzi uishe.

Kisha kubalianeni mgonjwa ni nani. Mfano: mkazi yeyote wa kijiji hiki aliyeharisha majimaji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, kuanzia tarehe mtakayoitaja. Piteni nyumba kwa nyumba, kwani wengi hawafiki zahanati. Kila mgonjwa apate mstari wake: umri, jinsia, kitongoji, siku na saa alipoanza kuhara, damu kinyesini, maji anayokunywa, sherehe au msiba alikokula. Saa ya kuanza ndiyo husahaulika, nayo ndiyo inayochora grafu ya idadi ya wagonjwa kwa muda walipoanza kuugua. Wagonjwa wakipanda ghafla kisha wakashuka, tafuta chakula au maji yaliyotumiwa na wengi kwa wakati mmoja. Wakija siku baada ya siku, chanzo bado kinaendelea au watu wanaambukizana.

Kinyesi kichukuliwe kwa wagonjwa wapya, kabla hawajameza antibiotiki. Ukishuku kipindupindu, weka kijiti cha usufi chenye kinyesi kwenye Cary-Blair (dawa ya kusafirishia sampuli bila bakteria kufa) na ukiache kwenye joto la kawaida, kwa sababu baridi hudhoofisha bakteria wake. Maji ni kinyume: yakae kwenye kisanduku cha baridi, yapimwe ndani ya saa 6, yasizidi 24. Kama yametiwa klorini, chupa iwe na sodiamu thiosalfeti. Bila hiyo klorini itaendelea kuua bakteria njiani, na maji machafu yatasomeka safi. Teka sampuli hata kwenye ndoo za nyumbani, maana maji mengi huchafuka baada ya kutekwa.

Sasa ulinganishe. Kwa kila mgonjwa, hoji watu wawili wasiougua. Wengi huharibu hapa: wanachukua majirani wa mlango wa pili, ambao wanateka kisima kilekile, na tofauti yote inapotea. Wachague kutoka kijiji kizima. Tuseme kati ya wagonjwa 30, 24 walikunywa maji ya kisima cha bondeni. Kati ya wazima 60, walikunywa 18. Wasiokunywa ni wagonjwa 6 na wazima 42. Hesabu ni (24 × 42) ÷ (6 × 18), yaani 9.3. Ingekuwa karibu na 1, yaani wagonjwa na wazima walikunywa kwa kiwango sawa, kisima kisingeshukiwa. Kwa 9.3, kifungeni au tieni klorini leo, hata kabla ya majibu ya maabara. Sampuli safi ya leo haithibitishi kwamba maji yalikuwa safi siku watu walipoyanywa.

Orodha isifungwe. Dalili za kipindupindu huanza saa chache hadi siku 5 baada ya kumeza vimelea. Siku hizo zikipita tangu kisima kifungwe au kitiwe klorini, na wagonjwa wapya bado wanakuja, rudini nyumba kwa nyumba: kuna chanzo kingine, au maambukizi yamehamia majumbani.